Leso kama bitana ya mfarishi wa viraka: inafaa, lakini si siku ile ile uliyoinunua

Kazi ya viraka iliyolala miaka ishirini chini ya kitanda mara nyingi haikukwama kwenye viraka. Kuunga vipande ni utamu, na hata mwenye ajira na watoto wadogo hupata dakika kumi za kushona viwili vitatu baada ya chakula cha usiku. Hukwama siku ya kutia bitana, kile kitambaa cha nyuma. Hapo panatakiwa kitambaa kipana, sakafu tupu na siku nzima isiyo na mgeni, na vyote vitatu havikutani mpaka mtu astaafu. Siku sasa zipo. Sakafu itapatikana makochi yakisukumwa ukutani. Kilichobaki ni kitambaa, nacho ndicho tunachokipima hapa: pea ya leso (kanga) ya kawaida kutoka Biashara Street, Mombasa, isiyokatwa wala kupindwa, itumiwe kama bitana.

Hukumu tuitoe mapema. Leso inafaa. Kwa joto la Mombasa, na kwa anayeshona kwa mkono, inafaa kuliko shuka na kuliko amerikani. Haifai ikitoka dukani moja kwa moja na kwenda chini ya viraka, na wengi huharibikiwa hapo: wanaiona imenyooka, inanukia upya, wanaishona hivyo hivyo. Fulio la kwanza ndilo huwaumbua.

Ubora wake mkubwa ni wepesi. Leso ni pamba iliyofumwa kwa nyuzi zisizobanana sana, kwa hiyo sindano inapita tabaka tatu (uso wa viraka, tabaka la kati na bitana) bila kugombana na kidole. Shuka la mtumba la Kongowea lina upana mkubwa usio na mshono, na hiyo ni faida ya kweli, lakini mashuka mengi yamefumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana, na kila hatua ya sindano inataka kusukumwa kwa subana, ile kofia ya kidole. Kwa cherehani halina taabu. Kwa mkono litakuchosha kabla hujafika nusu. Tena mengi yamechanganywa na poliesta, ambayo haipungui majini pamoja na viraka vya pamba, na matokeo yake ni uso uliojikunja juu ya bitana iliyotulia. Amerikani ni imara ila ni nzito, na weupe wake mbichi unaonyesha kila uzi mweusi uliojificha ndani. Kikoi tungekiacha kabisa. Mistari yake isipokwenda sambamba na ukingo, hata kwa sentimita moja, jicho litaliona kosa hilo kabla ya kuona kitu kingine.

Biashara Street inatokea Digo Road, hatua chache kutoka Marikiti. Nenda asubuhi kabla ya msongamano, na usiende Ijumaa saa za sala kwa kuwa maduka mengi huwa yamefungwa. Kwa leso mtaa huu hauna mpinzani mjini. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla inayojulikana pwani nzima, limo katika biashara hii tangu 1887. Bei hatuzitaji, kwani zinapanda Idi inapokaribia na kushuka ikishapita. Uliza maduka matatu.

Ukishikishwa leso, usitazame maua kwanza. Iinue kwenye mwanga wa mlango. Ukiona vidole vyako upande wa pili waziwazi, hiyo ni nyepesi mno: pamba ya ndani itachomoza kama ndevu baada ya miezi michache. Halafu isugue kona kwa kona, kitambaa kwa kitambaa, mara kumi hivi. Ikiachia unga mweupe na mahali pale pakalegea kama shashi, basi uzito uliouhisi ulikuwa wanga, si pamba. Jaribio la tatu ndilo watu hulisahau. Fuata uzi mmoja wa upana kwa jicho kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, uone kama mstari wa pindo, ule mpaka uliochapwa pembeni, unakwenda nao. Leso nyingi huchapwa zikiwa zimevutwa kidogo, pindo likapanda sentimita mbili au tatu upande mmoja. Kwa kujifunga si neno. Kwa bitana, itabidi uchague kufuata uzi au kufuata chapa, na upande utakaouacha utakusuta. Sisi hufuata uzi daima. Bitana iliyokatwa kinyume cha uzi hupinda baada ya kufuliwa na kuvuta mfarishi mzima pamoja nayo.

Mafundi waliokaa na cherehani zao vibarazani watakuuliza kama wakukatie na kukupindia. Waambie hapana, asante. Unaitaka pea ikiwa nzima, urefu wa mita 3 hivi kwa upana wa sentimita 105 hadi 110. Ukishapindiwa umepoteza kitambaa, na ule mkunjo mnene itabidi uufumue tena.

Na soma jina. Leso ni barua, hata ikigeuzwa bitana. Maneno yatakuwa yakisomeka kila mfarishi unapogeuzwa, na mafumbo ya leso mengine hayakuandikwa kwa ajili ya kitanda cha mkwe. "Mgeni njoo mwenyeji apone" haina ubaya kwa chumba cha wageni. Ile yenye kijembe, iliyokuchekesha dukani, fikiria kwanza ni nani atakayejifunika. Asiyetaka maneno kabisa apange ukataji ili ukanda wa jina uangukie kwenye ziada inayokatwa, ingawa leso bila jina, kwa maoni yetu, ni nusu ya leso.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hununua pungufu. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. Mfarishi wa sentimita 180 kwa 210 unakitosha kwa kuning'inia kiasi. Bitana lazima izidi uso kwa sentimita 10 kila upande, kwa sababu kushona kunanyonya kitambaa kuelekea katikati. Kwa hiyo unahitaji 200 kwa 230. Pea mbili zikiunganishwa ubavu kwa ubavu zinatoa kama 300 kwa 210. Toa asilimia 4 hadi 5 za kupungua majini, toa sentimita 3 za mshono wa kati, na unabaki na 285 kwa takriban 197. Upana umetosha kwa shida, ziada ikiwa chini kidogo ya sentimita 10. Ukipata pea za sentimita 110 ni afadhali. Urefu unabaki sentimita 55, na hapo utatoa utepe wa ukingo bila kununua kitu kingine: mikanda 5 ya upana wa sentimita 6.5, kila mmoja karibu mita 2. Mzunguko wa mfarishi ni sentimita 780, na mikanda hiyo ikiungwa kimshazari inakupa zaidi ya 950. Ukiwa na kitanda cha 6 kwa 6, nunua pea tatu na usibishane na hesabu.

Kabla ya kuunganisha, kata ule ukingo mgumu wa kiwandani, sentimita 1 kila upande wa mshono. Umefumwa kwa kubana zaidi na hupungua tofauti na sehemu nyingine. Ukiuacha, mshono wa kati utajivuta kama kamba ya suruali. Mapindo yatakutana katikati kama njia panda. Hilo halifichiki, basi lilinganishe vizuri: weka pini kwenye kila kona ya pindo kwanza, ndipo ushone kati ya pini.

Kufua. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nusu saa, kila pea na beseni lake. Nyekundu na nyeusi ndizo huchuja zaidi. Ule ushauri wa siki na chumvi uache jikoni: hauifungi rangi ambayo kiwanda hakikuifunga kwenye pamba. Kinachosaidia ni kuondoa rangi iliyozidi, yaani kufua na kusuuza mpaka maji yatoke meupe, mara tatu, nne, hata sita. Kisha kata kipande cha leso ukubwa wa kiganja, kiweke na kitambaa cheupe katika glasi ya maji ya moto kwa nusu saa, uvikaushe vikiwa vimegusana. Cheupe kikibaki cheupe, endelea. Kikishika waridi baada ya fulio la sita, leso hiyo ivae. Usiiweke chini ya viraka vyeupe ulivyovikusanya tangu ukiwa kazini.

Tabaka la kati ndilo ambalo Mombasa hailihitaji sana. Pamba nene ya mifarishi ya nchi za baridi itakufanya uutupe mfarishi miguuni saa nne ya usiku. Blanketi jembamba la zamani, lililokwisha kupungua lote linaloweza kupungua, linatosha, au flaneli, au hata shuka kuukuu la pamba. Sufi tunaikataa kwa kazi hii ingawa ni ya kwetu na ni laini: nyuzi zake ni fupi na telezi, hazishikani, na baada ya fulio moja zinakusanyika kona moja kama kuku walionyeshewa. Ibaki kwenye mito.

Kutandaza kunataka sakafu ya marumaru au saruji laini iliyopigwa deki na kukauka. Leso upande wa nyuma juu, ishikilie kingo zake kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, imenyooka lakini isivutwe kama ngozi ya ngoma. Ukiivuta, itarudi nyuma ukiachia na uso utakunjamana. Juu yake blanketi, juu yake uso wa viraka uliopigwa pasi. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda nje, mistari ya sentimita 10, kwa ule uzi wa zamani uliojaa kwenye kopo. Uzi uliokaa miaka mingi hushindwa mtihani mdogo: shika sentimita 30, vuta. Ukikatika bila kupinga, haufai mshono wa kudumu, ila kwa bandi itakayong'olewa ni wa bure na ni mzuri. Magoti yasiyokubali sakafu yatumie meza ya kulia, kwa kuhamisha kazi sehemu kwa sehemu. Inachukua muda mara mbili na haina aibu.

Kwa mkono, sindano fupi namba 9, uzi usiozidi sentimita 45, fundo lifichwe ndani ya tabaka la kati. Mishono 5 kila sentimita 2 ni kazi safi. Vidole vyenye baridi yabisi vipumzishwe na hesabu hiyo: tumia uzi mnene wa kudarizi namba 8, sindano yenye tundu kubwa, mishono 3 kila sentimita 2. Inaonekana, na imekusudiwa kuonekana. Kwenye leso mishono hii mikubwa inapendeza kuliko midogo, kwa kuwa chapa yenye maua makubwa humeza mishono midogo isionekane kabisa.

Kwa cherehani, sindano 90/14, urefu wa mshono milimita 3. Kosa la kawaida ni vitanzi vya uzi upande wa leso, na mtu huanza kukaza skrubu ya bobini. Iache. Vitanzi chini maana yake uzi wa juu haujakaa kwenye mkazo wake: inua mguu wa cherehani, pitisha uzi upya tangu mwanzo, ndipo ujaribu kwenye kipande cha ziada. Kosa la pili ni uso kusogea mbele ya bitana, maana meno ya chini yanavuta leso wakati mguu wa juu unasukuma viraka. Mguu wa kutembea, ule unaovuta kitambaa cha juu sambamba na meno ya chini, huondoa tatizo hilo. Asiye nao aongeze bandi, sentimita 6 badala ya 10, na ashone mistari yote kuelekea upande mmoja.

Je, umpe fundi? Mafundi wa leso wana mwendo wa ajabu kwenye mstari ulionyooka, na kwa kutia utepe wa ukingo tungewapa bila kusita. Kwa kushona tabaka tatu, wape tu ukiwa umeshapiga bandi wewe mwenyewe, na useme mambo mawili kwa sauti: mshono wa milimita 3, na asikate kitu. Mkono wa fundi umezoea kusawazisha kingo kwa mkasi kabla ya kuuliza, na ile sentimita 10 ya ziada kwake ni uchafu.

Kabla ya haya yote, uso wenyewe utazamwe. Ukitaka kuendeleza safu zilizobaki, pima mshono wa zamani (toka uzi hadi ukingo wa kitambaa) kwa rula, usiamini kumbukumbu. Mshono wa viraka ni milimita 6. Ukishona leo milimita 7, kila mshono unakula milimita 2 zaidi, na katika mishono 10 safu mpya ni fupi kwa sentimita 2. Njia salama ni kuifuata ile ya zamani hata kama ilikuwa na makosa. Kutu ya pini, ambayo unyevu wa bahari umeikuza vizuri, hutoka kwa limau na chumvi, doa lilowe, likae juani saa moja, lisuuzwe sana. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ikae mbali: huikoleza kutu na kulegeza pamba. Kiraka kilichooza kwa kutu usikifumue. Kifunike na kingine juu yake, kingo zimekunjwa ndani, mshono wa kuficha.

Kwenye kasha la kazi za zamani huwa pana pia mashuka na foronya zilizodariziwa nusu, na hapo swali ni uzi tu. Kama karatasi iliyofungia uzi bado ipo, una bahati. Kampuni ya DMC ya Ufaransa inauza mafungu ya uzi ya mita 8, nyuzi 6 zinazogawanyika, na namba ya rangi iko kwenye karatasi. Namba nyingi za zamani bado zinapatikana. Hata hivyo ua lililokaa kwenye mwanga limepauka, na uzi mpya utang'aa kando yake. Ukishona kwa nyuzi 2, safu moja ya mpito yenye uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya huficha mpaka. Kofia za kiua, zile za matundu ya kudarizi, zilizoachwa nusu ni suala jingine. Ukubwa wa tundu hufuata mkono, na mkono wa miaka 60 si ule wa miaka 35. Bora kumaliza duara la juu kwa mkono mmoja na kuacha utofauti uangukie kwenye ukanda wa pembeni.

Kalamu za kuchorea zinastahili onyo. Ile ya buluu inayofutika kwa maji huganda daima ikipigwa pasi kabla ya kufuliwa. FriXion ya Pilot hupotea kwa joto la nyuzi 60 hivi, yaani pasi inatosha, lakini wino haujaondoka, umejificha tu, na hurejea baridi ikifika kama nyuzi 10 chini ya sufuri. Mombasa hilo halitatokea nje ya friza. Mfarishi wa mjukuu aliye Kanada, mchoree kwa sabuni ya kipande.

Vipande visivyotosha kuwa uso wa mfarishi vina njia yao, na leso inaifaa zaidi kuliko zote. Wasiddi wa Karnataka nchini India, jamii yenye asili ya Afrika, hutengeneza mifarishi iitwayo kawandi bila kuunga uso kwanza. Wanatandaza bitana, wanakunja ukingo wake ndani, kisha wanaanzia kwenye kona na kuzunguka kuelekea katikati, kila kiraka kikikunjwa ukingo na kushikizwa kwa mishono mirefu ya mbele ambayo papo hapo inashona tabaka zote. Hakuna bandi za sakafuni, hakuna milimita 6, na kazi inakaa mapajani. Leso moja iliyofuliwa, blanketi la mtoto, na vipande vya upana wa kiganja: hiyo ni kazi ya kibarazani kuanzia alasiri hadi magharibi, na ikikatizwa na mgeni haiharibiki.

Uhifadhi, neno moja. Mfuko wa nailoni ndio uliotia ukungu mara ya kwanza, usiurudie. Foronya ya pamba inatosha. Na ile leso ya akiba uliyonunua kwa mfarishi ujao, ifue sasa hivi kabla ya kuiweka kabatini, kwa kuwa wanga wake ni chakula cha mende.